Gemu Inaganda: Uvute Waya, Uhame Masafa, Upange Rauta Upya au Ubadili Huduma?

Saa nne usiku simu inaita kutoka Nkuhungu. Ni mpwa wangu. "Shikamoo anko. Nimefungwa tena, ila sijafungwa na jamaa, nimefungwa na intaneti." Alikuwa anaongoza mbili kwa moja, dakika ya themanini na kitu, wachezaji wake wakaganda kama wamepigwa picha. Walipoamka, mpira ulikuwa wavuni kwake. Mwezi uliotangulia alikuwa ameshapandisha kifurushi kutoka Mbps 10 hadi 20, na sasa alitaka kupandisha tena.

Nikamwambia asilipe kwanza. Aweke laptopu pembeni ya PS4 yake, iunganishwe na Wi-Fi ileile, apime muda ambao pakiti, yaani kifungu kidogo cha data, inatumia kwenda kwenye rauta na kurudi. Si kwenda Ulaya, ni kwenda sebuleni kwa mwenye nyumba, kuta mbili tu kutoka chumbani kwake. Majibu yakaja: milisekunde 6, kisha 90, kisha 240, kisha 11. Pakiti ilikuwa inachelewa kabla haijatoka hata getini. Angenunua Mbps 100, gemu ingeganda vilevile.

Kwa anayecheza nyumbani hapa Dodoma, dawa zinazozungumzwa vijiweni huwa ni nne: kuvuta waya, kurekebisha Wi-Fi, kuchezea mipangilio ya rauta, au kuhama huduma kabisa. Kila moja ina watu wanaoiapia. Zote ni dawa kweli, ila za magonjwa tofauti.

Mizani tutakayotumia

Cha kwanza ni pingi, yaani muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde. Gemu yenyewe inakula data kidogo, mara nyingi chini ya MB 150 kwa saa, kwa hiyo ukubwa wa kifurushi haumsaidii sana mtu aliyemo ndani ya mechi. Unamsaidia siku ya kupakua masasisho ya GB 40. Pingi ya chini ya 50 ni raha, ya 100 inachezeka, na ikivuka 200 unapigana na mtu aliyekuona kabla hujamwona.

Cha pili ni mtikisiko. Pingi ya 120 iliyotulia ni afadhali kuliko inayoruka kati ya 30 na 200, kwa sababu kidole kinazoea ucheleweshaji usiobadilika. Pakiti zinazopotea njiani naziweka kwenye fungu hilohilo.

Cha tatu ni aina ya NAT, ile kazi ya rauta ya kuweka vifaa vyote vya ndani nyuma ya anwani moja ya nje: kama rauta yako inaruhusu wachezaji wengine wakufikie moja kwa moja, au imefunga mlango. Kisha kuna pesa na jasho, pamoja na ruhusa ya mwenye nyumba, maana wengi wetu tumepanga. Mwisho ni umeme: ukikatika, unaendelea kucheza au unakwenda kulala?

Kuna jambo moja ambalo dawa zote nne haziwezi. Mwanga ndani ya faiba unasafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za waya ni milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450 kwa barabara, hiyo ni milisekunde 5 hivi, hakuna wa kulalamika. Kutoka Dar pakiti inaingia kwenye nyaya za chini ya bahari. Ikielekea Afrika Kusini ina zaidi ya kilomita 2,000 mbele yake. Ikielekea Ulaya kupitia Bahari ya Shamu inazidi 10,000, na hapo milisekunde 100 zimeshaliwa kabla rauta ya mtu yeyote haijafanya kosa. Kwa hiyo kama gemu yako inakuruhusu kuchagua eneo la seva, chagua kwanza, ni bure. Na siku nyaya zenyewe zinapokatika, kama ilivyotokea tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilipokatika pamoja na nchi nzima ikasota, hakuna fundi wa mtaani atakayekusaidia. Lala.

Kwanza uingie ndani ya rauta

Dawa tatu kati ya nne zinahitaji ufungue ukurasa wa rauta, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Anwani yake ipo kwenye kibandiko chini ya rauta. Za kawaida ni 192.168.1.1 na 192.168.0.1. Rauta nyingi za laini (zinazotumia laini ya simu) za Huawei hutumia 192.168.8.1, na visanduku vya faiba vya Huawei mara nyingi ni 192.168.100.1. Kama kibandiko kimefutika, kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri uandike ipconfig, kisha soma namba iliyo mbele ya Default Gateway.

Ukurasa ukigoma kufunguka kwenye simu, zima data ya simu. Simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti zinahamia kwenye data kimyakimya, na huko nje hakuna anayeijua 192.168.8.1. Zima VPN pia. Andika http:// mbele ya namba, la sivyo kivinjari kitaigeuza kuwa swali la kutafuta. Kama bado, chomeka laptopu kwa waya.

Nywila ya kuingilia kwenye mipangilio si ile ya Wi-Fi. Mara nyingi nayo ipo kwenye kibandiko, isipokuwa fundi aliyekufungia aliibadilisha akaondoka nayo. Ukikosea mara kadhaa rauta inaweza kukufungia kwa dakika chache, subiri. Kile kitundu cha kubonyeza kwa pini kwa sekunde kumi hivi kinarudisha mipangilio ya kiwandani, na kwenye rauta ya laini hakuna ubaya, unaanza upya tu. Kwenye kisanduku cha faiba usikiguse bila kuongea na mtoa huduma. Humo ndani kuna jina na nywila za kukuunganisha na mtandao wao, vikifutika unabaki na taa nyekundu hadi fundi aje. Mimi nilikibonyeza siku ya Ijumaa jioni. Fundi alikuja Jumanne.

Sasa pima. Kwenye Windows andika ping -n 100 ikifuatiwa na anwani ya rauta, uangalie namba kwa dakika moja na nusu. Kisha rudia kwa 1.1.1.1, ambayo ipo nje. Kwenye simu, apu yoyote ya kupima pingi itafanya kazi hiyo. Fanya saa mbili usiku, muda ambao watu wote wapo nyumbani. Usipime saa nne asubuhi mtaa mzima ukiwa kazini Mtumba.

Kuvuta waya

*Pingi na mtikisiko.* Hapa waya hauna mpinzani ndani ya nyumba. Pingi ya kwenda kwenye rauta inashuka chini ya milisekunde 1 na inabaki hapohapo, mvua inyeshe au jirani awashe maikrowevu. Waya wa Cat5e unabeba hadi Gbps 1 kwa umbali wa mita 100, na hakuna nyumba ya kupanga yenye chumba kilicho mbali hivyo na sebule.

*NAT.* Haubadilishi chochote. Kama ulikuwa umefungiwa mlango, umefungiwa bado, sema sasa kwa waya.

*Pesa na jasho.* Waya unauzwa kwa mita, vichwa vya RJ45 kwa kimoja kimoja, na fundi mwenye koleo la kubania atamaliza kwa dakika kumi. Ukibana mwenyewe, fuata mpangilio mmoja pande zote mbili: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Kasi ikigotea kwenye Mbps 100 badala ya 1,000, kuna uwezekano uzi mmoja haujashika, maana Mbps 100 inahitaji nyuzi nne tu kati ya nane. Kwa gemu haidhuru. Angalia zaidi ubora: kuna nyaya za bei rahisi ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, zinakatika ukizikunja kwenye kona mara mbili tatu.

Waya ukipita nje, jua letu halina huruma. Ganda la waya wa ndani linapasuka baada ya muda, kwa hiyo upitishe kwenye bomba la plastiki la fundi umeme. Usiufunge pamoja na waya wa umeme. Na waya unaotoka nyumba moja kwenda nyingine, kama vile nyumba kubwa hadi vyumba vya uani, uchomoe radi zinapoanza. Radi si lazima ipige nyumba yako ili iunguze tundu la PS4.

Halafu kuna ruhusa. Mpwa wangu alihitaji mita 12 za waya na dakika 40 za maongezi. "Mwanangu, sijakataa," mama mwenye nyumba alimwambia, "ila usinitoboe ukuta, na huo waya usipite mlangoni kwangu nikajikwaa." Ukapita juu ya dari, ukashukia kwenye tundu la waya wa dishi lililokuwepo tayari. Kwenye mfuko wake, hiyo ndiyo ilikuwa dawa yenye thamani kuliko zote, na pingi ya kwenda kwenye rauta haijafika 2 tangu siku hiyo.

*Umeme ukikatika.* Haukusaidii.

*Unamfaa nani.* Mwenye PlayStation, Xbox au kompyuta isiyohama mahali pake. Mchezaji wa simu naye hajatengwa: simu nyingi za Android zinakubali kiunganishi cha USB-C chenye tundu la waya, ingawa kukaa na simu iliyofungwa kamba kama mbuzi si kila mtu anaipenda.

Kurekebisha Wi-Fi

*Pingi na mtikisiko.* Wi-Fi nzuri ya masafa ya GHz 5, ndani ya chumba kimoja na rauta, inakupa pingi ya milisekunde 2 hadi 5, na kwa mchezaji wa kawaida tofauti na waya haionekani. Wi-Fi ya GHz 2.4 kwenye nyumba za wapangaji sita, kila mmoja na rauta yake ya laini, ni soko la Majengo siku ya Jumamosi. Masafa hayo yana nafasi tatu tu zisizoingiliana, chaneli 1, 6 na 11, na wote mnazigombania.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuhamia GHz 5. Ingia kwenye rauta, yape masafa mawili majina tofauti, uunganishe kifaa chako na lile la 5. Hapa kuna mtego ambao nimeona watu wakihangaika nao wiki nzima: PS4 ya kwanza, ile nene iliyotoka 2013, haioni kabisa GHz 5. PS4 Slim na Pro za 2016 zinaiona. PS4 za mtumba zilizojaa mitaani kwetu nyingi ni zile nene, na mwenye nayo anatafuta jina la Wi-Fi ambalo mashine yake haina uwezo wa kuliona. Huyo dawa yake ni waya, au abaki GHz 2.4 kwenye chaneli iliyo tupu zaidi.

Hatua ya pili ni mahali. Rauta iliyofichwa nyuma ya TV au ndani ya kabati la vyombo imezibwa mdomo. Ukuta wa bloku za saruji unapunguza sana GHz 5, na nondo za dirishani zinaongeza shida. Iweke juu, pa wazi, kuta zikiwa chache kati yake na wewe. Vumbi la Juni hadi Agosti, upepo wetu ule wa kupeperusha vibanda, linaziba matundu ya hewa na rauta inachemka. Ipanguse.

Repita, vile vifaa vya kupokea Wi-Fi na kuirusha mbele, nazitaja kwa sababu ndizo watu wanakimbilia kununua. Ya kawaida inapokea na kutuma kwa redio hiyohiyo moja, kwa hiyo kasi inapungua karibu nusu na ucheleweshaji unaongezeka. Inafaa kuangalia video jikoni. Kwa gemu, afadhali uchukue rauta ya zamani iliyolala kabatini, uzime DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), uipe anwani isiyogongana na ya rauta kubwa, kisha uivutie waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje). Hiyo ni Wi-Fi mpya karibu na kitanda bila kuharibu pingi.

*NAT.* Haiguswi, isipokuwa uchomeke hiyo rauta ya pili kimakosa kwenye WAN, hapo utakuwa umejijengea ukuta wa pili.

*Pesa na jasho.* Kuhamisha rauta na kubadili chaneli ni bure. Hakuna ruhusa ya mtu, hakuna kutoboa.

*Umeme ukikatika.* Ni kama waya tu, haina mchango.

*Inamfaa nani.* Wachezaji wa simu, wanafunzi wa chumba kimoja kule Ng'ong'ona wanaolala na rauta miguuni, na yeyote ambaye mwenye nyumba amekataa waya.

Kupanga rauta upya

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo palipo na ushauri mwingi wa uongo.

*Pingi na mtikisiko.* Kuna ugonjwa mmoja ambao mipangilio inautibu vizuri sana. Gemu inakwenda safi, ghafla dada anaanza kupakia picha za harusi au simu ya mtu inahifadhi meseji za WhatsApp mtandaoni, na pingi inaruka kutoka 50 hadi 600. Njia ya kupakia ni nyembamba kuliko ya kupakua, picha hizo zinapangwa kwenye foleni ndefu, na pakiti yako ndogo ya kupiga pasi inasubiri nyuma ya malori. Tafuta kwenye rauta sehemu iliyoandikwa QoS. Pima kasi yako halisi, kisha weka kikomo cha kama asilimia 85 hadi 90 ya hiyo kasi, kupakia na kupakua. Unapoteza kasi kidogo, foleni inahamia kwenye rauta yako badala ya kwa mtoa huduma, na rauta inajua nani apite kwanza. Rauta inayokubali OpenWrt, programu huru ya kuendeshea rauta, ina CAKE na fq_codel, njia mbili za kupanga foleni zilizotengenezwa kwa ajili ya tatizo hilihili. Rauta nyingi za bure za kampuni hazina QoS ya maana. Hapo inabaki diplomasia: "Dada, nipe dakika tisini."

*NAT.* Xbox inaiita Open, Moderate au Strict. PlayStation inahesabu Type 1, 2 na 3. Strict na 3 ndizo zinazoleta kero: husikii wenzako, huwezi kuwa mwenyeji wa mechi, unazungushwa kutafuta mpinzani. Kama gemu inachezwa kupitia seva za kampuni huenda hutaona tofauti yoyote. Kama wachezaji wanaunganishwa mmoja kwa mmoja, kama kwenye Tekken, utaona sana.

Anza kwa kuwasha UPnP, ambayo inauruhusu mchezo ufungue mlango wenyewe. Ikishindikana, ipe mashine yako anwani ya IP isiyobadilika kisha ufungue milango kwa mkono: 3074 kwa Xbox, TCP 3478 hadi 3480 pamoja na UDP 3478 na 3479 kwa PlayStation. UPnP inaruhusu kifaa chochote cha ndani kufungua mlango, hata kamera ya bei chee usiyoijua asili yake, kwa hiyo mwenye vifaa vingi vya ajabu bora afungue kwa mkono.

Kabla ya kufanya yote hayo, lakini, angalia kitu kimoja. Kwenye ukurasa wa hali ya rauta kuna anwani ya WAN. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa rasmi mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Hapo unaweza kufungua milango yote ya rauta yako na usiku ukakuta NAT ni ileile, kwa sababu kuna geti jingine mbele ambalo huna ufunguo wake. Rafiki yangu mmoja wa Ilazo alilipa mafundi wawili kwa nyakati tofauti "wafungue NAT" kwenye rauta ya laini. Wote walifungua kweli. Anwani yake ilikuwa inaanza na 100.

Ukiikuta hali hiyo, muulize mtoa huduma kama anatoa IP ya umma, yaani anwani ya nje ya peke yako, na kwa bei gani. Uliza kwa maneno hayohayo, maana ukisema "gemu inaganda" wa huduma kwa wateja atakwambia uzime rauta na kuiwasha. Mimi niliambiwa hivyo mara nne kwa simu moja.

Kisa kingine kinachofanana: una kisanduku cha faiba, umechomeka rauta yako mwenyewe mbele yake, na zote mbili zinafanya NAT. Hilo ni lako kulitatua. Moja igeuzwe kuwa daraja tu, au rauta yako itumike kama kituo cha Wi-Fi.

*Pesa na jasho.* Pesa hakuna. Jasho lipo, jioni moja au mbili, na uwezekano wa kuvuruga intaneti ya nyumba nzima. Piga picha kila ukurasa kabla ya kubadili.

*Umeme ukikatika.* Hakuna cha kusema.

*Inamfaa nani.* Mwenye funguo za rauta. Mpangaji anayechangia Wi-Fi ya mwenye nyumba hana haki ya kuingia humo bila ruhusa, hata kama nywila ni admin.

Kubadili huduma

*Pingi na mtikisiko.* Chaguo kubwa ni kati ya rauta ya laini na faiba. Laini unagawana mnara na mtaa mzima. Saa sita mchana pingi inaweza kuwa 40, saa mbili usiku 150, na hakuna ulichobadilisha. Faiba inatulia zaidi saa zote, na kwa mtikisiko ndiyo bora, mradi mtoa huduma hajauza njia yake kwa watu kupita kiasi.

Lakini usiitupe laini kabla ya kuisaidia. Ingia kwenye rauta yake utafute namba ya RSRP, kipimo cha nguvu ya ishara ya mnara. Ikiwa karibu na -80, ishara ni nzuri. Ikiwa -110, unachezea kwenye kingo za mnara. Izungushe rauta dirisha kwa dirisha uone namba inavyobadilika. Nimewahi kuona -108 ikawa -91 kwa kuhamisha rauta kutoka chumbani hadi dirisha la jikoni. Kama ina matundu ya antena za nje, antena juu ya paa la bati inaweza kukuokoa kule Iyumbu au pembezoni mwa Nzuguni.

*NAT.* Laini karibu zote zinakuweka nyuma ya ile anwani ya pamoja. Faiba inategemea mtoa huduma, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini.

*Pesa na jasho.* Faiba ni ada ya kila mwezi, na mara nyingine gharama ya kufungiwa. Tena inategemea nguzo. Dodoma inajengwa haraka kuliko nguzo zinavyosimikwa, na mtaa wa pili kutoka kwako unaweza kuwa nayo wewe huna. Laini unaiwasha leo, ukihama unaibeba. Ila bando linaisha, na sasisho moja la gemu linaweza kulimeza lote.

*Umeme ukikatika.* Hapa ndipo dawa hii inapojitofautisha. Kirauta kidogo chenye betri kinaendelea, na mchezaji wa simu hata hashtuki. Kisanduku cha faiba kinazima papo hapo, lakini vingi vinatumia volti 12 tu, na kuna betri ndogo za akiba za rauta zinazovishikilia kwa saa kadhaa. Soma volti na ampea kwenye adapta yako kabla ya kununua. TV na PS4, hizo ni habari nyingine.

*Inamfaa nani.* Aliyepima pingi ya kwenye rauta akaikuta safi, akazima vifaa vingine vyote, na bado pingi ya nje inayumba kila usiku. Kabla hajalipa, aazime laini ya mtandao mwingine kwa rafiki, aipime chumbani mwake palepale usiku tatu mfululizo saa mbili. Sifa za Area C hazikuhusu ukiwa Miyuji.

Kwa hali yako

Pingi ya kwenda kwenye rauta ikiruka zaidi ya 10 mara kwa mara, tatizo lipo ndani ya nyumba. Mashine isiyohama, vuta waya. Simu, nenda GHz 5 na uisogeze rauta. Kifurushi usikiguse.

Ikiwa rauta iko safi na nje panayumba pale tu wengine wanapotumia intaneti, shughulikia QoS, au rauta yenye QoS ya kweli kama yako haina.

Ikiwa mechi inakwenda vizuri ila husikii wenzako au unakosa wapinzani, soma anwani ya WAN. Ikiwa ya umma, washa UPnP au fungua milango. Ikianza na 10 au 100.64 hadi 100.127, piga simu kwa mtoa huduma na umwache fundi apumzike.

Ikiwa kila kitu kimetulia lakini gemu yenyewe inaonyesha 180 bila kuyumba, seva iko mbali. Badili eneo la seva kama inawezekana, vinginevyo hakuna cha kununua.

Umepanga, utahama baada ya miezi sita, na wenye nyumba wako hawataki kusikia neno kutoboa: rauta ya laini kwenye dirisha lenye RSRP nzuri, na waya wa mita mbili kutoka hapo hadi kwenye mashine yako.

Una nyumba yako Kisasa au Ilazo na nguzo ya faiba iko mbele ya geti: faiba, waya hadi chumba cha watoto, betri ndogo ya volti 12 pembeni ya kisanduku, na ile laini ya zamani uiweke vocha kidogo kwa ajili ya siku nguzo itakapogongwa na lori la mchanga.